TAHADHARI: Kofia za taa za bluu za "kurudisha mayelini"

Kuna kofia za LED za bluu zinazopigiwa debe kuwa zinarudisha mayelini (utando unaofunika nyuzi za neva) kwenye magrupu ya WhatsApp ya wagonjwa wa multiple sclerosis (MS), ugonjwa unaoharibu utando huo, na wazazi wa watoto wenye mtindio wa ubongo. Usilipe. Muuzaji hukutumia utafiti wa kweli kabisa, na hapo ndipo wengi hunaswa.

Utafiti wenyewe ni wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, timu ya Michelle Monje, jarida la Science, 2014. Wasichokuambia ni kwamba panya wale walibadilishwa jeni: neva zao zilibeba chanelrodopsini, protini ya mwani inayoamsha neva ikimulikwa. Faiba (uzi mwembamba unaopitisha mwanga) iliwekwa kupitia fuvu, ikamwaga mwanga wa bluu wa mipigo, kwa vipindi vifupi ndani ya dakika 10. Neva zilipoamka, seli zinazotengeneza mayelini ziliongezeka, na wiki 4 baadaye utando ulionekana mnene zaidi. Wewe huna protini hiyo. Hata ungekatwa fuvu, neva zako zisingejua kama taa imewaka.

Na mwanga wenyewe haufiki. Ziba tochi ya simu kwa kidole gizani: utaona wekundu tu, kwa sababu damu na nyama vimemeza bluu yote. Hicho ni kidole, bado nywele na mfupa wa kichwa!

Ukimbana muuzaji, atageuza: "yetu ni infraredi" (mwanga usioonekana kwa macho). Sawa, infraredi hupenya zaidi kidogo, lakini basi ule utafiti si wake tena, na hakuna aliyethibitisha kwamba kofia ya infraredi hurudisha mayelini kwa binadamu.

Cheti cha "FDA Registered" chenye muhuri wa dhahabu? FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, haitoi vyeti vya usajili wa vifaa. Uliza namba ya usajili, kisha uihakiki mwenyewe TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba (Tanzania) au Bodi ya Dawa na Sumu (Kenya). Picha ya cheti haitoshi.

Kibaya kuliko hela: baadhi yao huwashauri wagonjwa waache dawa "ili mwanga ufanye kazi". Ukikatiza ghafla dawa za MS kama natalizumab au fingolimod, ugonjwa unaweza kurudi kwa ukali kuliko mwanzo. Aliyekwisha kuacha amwone daktari wa neva wiki hii, asisubiri dalili. Na kofia kama ipo nyumbani, isiwashwe karibu na macho ya mtoto. Bluu kali huumiza retina.