Nilijua nanunua kopi, lakini dharau sikuilipia

Naomba niseme mapema ili watu wasihangaike kunisimanga: nilijua ni kopi. Neverfull, ile pochi kubwa ya kampuni ya Kifaransa ya Louis Vuitton, ikiwa ya kweli inazidi dola 1,500, na duka lao hapa Dar halipo. Ukitaka oji uifuate Dubai au Johannesburg. Mimi nilitaka pochi kubwa, nzuri, ya kazini na ya kwenye shughuli. Yule dada wa Instagram alisema zake ni "mirror", yaani kopi inayofanana na oji kama kwenye kioo, akaapa kuwa mikanda ni ngozi tupu, na bei ilikuwa karibu mara nne ya zile zinazoning'inizwa Kariakoo. Nikalipa.

Mwanzoni sikuwa na la kulalamika. Boda aliileta siku ileile, imo ndani ya mfuko wake wa kitambaa. Yale maua ya nembo ya Louis Vuitton, ambayo Georges Vuitton, mtoto wa mwanzilishi, aliyabuni mwaka 1896 makusudi kuwakomesha waigaji, yalikaa sawasawa hadi kwenye mishono. Laptopu inaingia, viatu vya kubadilisha vinaingia, nafasi bado ipo. Kazini waliisifia hadi nikaona raha.

Ikaja sendofu, Sinza, ukumbi una joto balaa. Nimevaa gauni la rangi ya maziwa, pochi begani. Nasogea kutunza, shangazi ananivuta pembeni: "Mwanangu, nini hiki kwapani?" Mstari wa kahawia, mrefu, umetoka kwenye mkanda ukaganda kwenye gauni. Kiganjani vilevile. Nilipofika nyumbani nikaukwangua ule mkanda kwa ukucha, ganda likabanduka, na chini yake kuna kitambaa cheupe cha nyuzinyuzi. Ngozi tupu iko wapi?

Nikamwandikia muuzaji kwa heshima zote. Akajibu eti hata oji hubadilika rangi. Hapo ndipo aliponichefua, maana ameokota nusu ya ukweli ili adanganyie. Mikanda ya Neverfull ya kweli ni ngozi isiyotiwa rangi, na kweli huiva polepole kwa jua na mafuta ya mikono mpaka ikawa rangi ya asali. Inaiva, haichuji! Nikamtumia picha ya gauni. Ikaja voisi noti, nyuma wenzake wanacheka: "We dada, kwa hela hiyo ulitaka nini? Kama una uwezo panda ndege kanunue oji." Wakati wa kulipia nilikuwa "kipenzi". Nikala bloku.

Na anafanya hivyo kwa sababu anajua huna pa kumshitaki. Tume ya Ushindani ikikamata bidhaa bandia inaziteketeza. Mnunuzi utakwenda kuwaambia nini, kwamba bandia uliyouziwa haikufikia kiwango ulichoahidiwa? Jeuri yote ya hawa wauzaji wa mtandaoni inatoka hapo.

Sitaki kuwa mwongo, pochi yenyewe bado naipenda. Mwili wake haujachanika popote, na fundi viatu wa mtaani kwetu ameing'oa ile mikanda akaweka ya ngozi ya ng'ombe, imara kabisa. Naibeba hadi leo. Kwa hiyo mwenye kutaka kopi aende Kariakoo kwa miguu yake, aikwangue mikanda, aisugue na kitambaa cheupe kilicholowa maji, alipe, aondoke.

Au basi, hata huko msiende. Kila nikiisikiliza ile voisi noti naona hela zetu zinakwenda kuwanenepesha watu wa namna ile ile. Yule fundi nimemuuliza angenishonea mkoba mzima wa ngozi kwa bei gani, akanitajia kiasi kisichofika hata nusu ya nilichompa yule dada. Na kibanda chake nakijua. Mkanda ukikatika nitamkuta amekaa palepale, atanitazama usoni na kunijibu. Nimeshamwachia kishika uchumba cha kazi hiyo.

Wewe dada, ya pochi nimekusamehe. Gauni nakudai.