Jinzi ya selveji ya mtumba Sabasaba: nzito, inachuja, ila siiuzi

Wadau wa Dom (Dodoma), ukipita Sabasaba kwenye meza za mitumba acha kukimbilia lebo, ipindue jinzi huku chini mguuni uangalie mshono wa nje. Ukikuta imepigwa ovaloki hiyo ya kawaida, irudishe. Ukikuta kingo mbili nyeupe zimekaa zenyewe hazifumuki, mara nyingi na kauzi kekundu, basi hiyo ndo selveji. Mimi yangu imeandikwa ya Japani, nimeichukua elfu 25 na muuzaji wala hana habari, kwake zote bei moja.

Kauzi kenyewe si kitu, kwanza wapo wanaoshonea utepe tu kukuzuga. Ishu ni mtambo. Hizi zinafumwa kwa mitambo ya zamani, uzi wa mshindio, ule unaopita kwa upana, unaenda unarudi bila kukatwa ndo maana ukingo unajifunga wenyewe, ila ni kazi ya taratibu na kitambaa kinatoka chembamba, kama sentimita 75 hadi 80 hivi, mitambo ya kisasa inatoa karibu mara mbili, kwa hiyo viwanda vingi vikaachana nayo. Hata kiwanda cha White Oak kule Greensboro, Marekani, kimefungwa 2017. Wajapani ndo wameng'ang'ania, hasa Okayama, na mitambo inayosifiwa sana huko ni ya Toyoda, ndiyo, wazee haohao wa Toyota, walianza na kufuma kabla ya magari, yaani ile Hiace ya kwenda chuoni UDOM ina undugu na suruali yangu.

Ukipitisha kiganja unasikia kabisa uzi haulingani, pengine nene pengine nyembamba, na hapo ndo utamu ulipo. Nyuzi za mtande peke yake, zile za urefu, ndo zimetiwa nili, ile rangi ya bluu, na nili inakaa juu juu haifiki katikati ya uzi, sasa kila panaposuguka weupe unatokea. Yangu mfukoni ishachora umbo la simu, nyuma ya magoti kuna mistari ambayo hakuna kiwanda kitakuchorea ikakaa hivyo.

Ubaya wake inachuja balaa. Kochi jeupe la watu usilikalie, na shati jeupe ukichomekea utajua mwenyewe. Mimi naigeuza ndani nje, maji baridi, peke yake, naanika kivulini. Halafu nzito, mchana wa Oktoba hapa Dom ni mateso, lakini Juni na Julai ule upepo ukianza jioni haina mpinzani.

Ukitaka kubanwa miguu mwambie fundi abane mshono wa ndani, wa nje asiuguse kabisa, wangu alikuwa kashashika mkasi ikabidi nipige kelele. Nendeni asubuhi mabelo yakifunguliwa, ila saizi 34 mniachie.