Siku nne Nairobi bila gari, pamoja na mama na magoti yake

Watoto walipofunga shule huku kwetu Mombasa mwezi wa Agosti, ahadi ilikuwa imeshanitoka: tutakwenda Nairobi kuona twiga. Mume wangu alikuwa na zamu bandarini, gari hatuna, na mamangu, aliyekuwa jikoni akikanda unga wa mahamri, akasikia na kujiunga na msafara bila kuombwa. Basi tukawa wanne: mimi, mamangu na magoti yake, mwanangu wa miaka 9 na dadake wa miaka 4. Siku nne, usafiri wa umma mwanzo hadi mwisho. Nilitafuta sana mtu aliyeandika kuhusu safari ya namna hii nikakosa. Wote wanaanza na "ukishakodi gari". Ndiyo nikasema nikirudi nitaandika mwenyewe.

Ratiba yangu ya kwanza niliiandika nyuma ya risiti ya duka, na ilikuwa ya mtu asiyeijua Nairobi. Jumanne asubuhi twiga, Jumanne mchana makumbusho. Nikamsomea kwa simu binamu yangu anayekaa mtaa wa Umoja, Nairobi, akacheka mpaka nikakasirika. "Dada, kwani umekodi helikopta?" Akanieleza kitu ambacho ningekijua mapema ningepunguza maumivu ya kichwa: matatu za Nairobi zimekaa kama spoku za baiskeli. Zote zinaingia tao, zote zinatoka tao. Ukitoka upande wa Karen ukitaka kwenda upande wa Westlands, huendi moja kwa moja. Unarudi katikati ya jiji, unashuka, unavuka kwa miguu mpaka steji nyingine huku umebeba mtoto, kisha unatoka tena. Kwa mtu mmoja kijana si kitu. Kwa bibi na mtoto wa miaka 4, hiyo ndiyo siku imekwisha.

Nikaichana risiti. Tangu hapo nikapanga kwa steji, si kwa vivutio. Siku moja, barabara moja.

Treni kwanza, hii ya SGR, yaani reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi. Tikiti unakata kwa simu: unabonyeza *639#, unachagua siku na treni, unalipa kwa M-Pesa. Tangu Januari 2024 daraja la kawaida ni sh 1,500 na daraja la kwanza ni sh 4,500, na mtoto wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu. Sisi wanne daraja la kawaida tukalipa sh 4,500 kwenda, na hivyo hivyo kurudi. Wakati wa likizo usisubiri wiki ya mwisho, viti vinakwisha.

Wengi huikimbilia treni ya saa tisa alasiri kwa kuwa inawahi. Mimi nilichukua ile ya saa mbili asubuhi inayosimama vituo vya njiani, Mariakani, Voi, Mtito Andei, Kibwezi na vinginevyo. Inachukua muda mrefu zaidi, lakini inakufikisha mchana. Treni ya SGR haikufikishi Nairobi mjini, inakuacha Syokimau, karibu kilomita 20 kutoka katikati ya jiji. Kushuka pale saa mbili usiku na watoto waliolala begani ni habari nyingine.

Kituo cha Miritini, treni inakoanzia, tulifika mapema, maana kuna ukaguzi. Mizigo yote inapangwa chini kwa mstari na watu wanasimama kando, kisha mbwa wanapita wakinusa. Mamangu alikuwa na kapu la mahamri na chupa ya chai. Alisoma dua zote anazozijua mpaka mbwa alipolipita kapu lake bila kuligusa.

Viti vya daraja la kawaida vinatazamana, goti kwa goti, kwa hiyo jiandae kuzoeana na wageni. Kiti cha dirishani kilileta vita. Mwanangu alikishika akakataa kukiachia, dadake akalia kutoka Mariakani hadi karibu na Voi, na tulipoingia Tsavo na ndovu wa kwanza akaonekana, mwekundu kwa vumbi kama aliyepakwa hina, ndipo kijana akakubali wakae wawili. Ukitoka Mombasa, mkono wa kushoto ndiko uliko Kilimanjaro, mawingu yakiruhusu. Hayakuruhusu.

Syokimau tukahamia treni ndogo ya kuunganisha inayoingia mjini. Hizi zilianza mwaka 2020, mabehewa yake yalinunuliwa Hispania yakiwa yametumika. Usiwasikilize madereva wanaokuvuta mkono pale nje. Fuata watu wenye mabegi, wao wanajua. Treni hii inakuteremsha kituo cha zamani kabisa, pale ambapo reli kutoka Mombasa ilifika mwaka 1899 na jiji likaota pembeni yake.

Gesti yetu ilikuwa mwendo wa miguu kutoka kituoni. Niliichagua kwa sababu hiyo tu, na lazima niseme ukweli: usingizi hakuna. Honi zinaanza saa kumi alfajiri na makanga wanaita abiria kana kwamba wanawaita waliokufa. Halafu baridi. Sisi watu wa pwani huisikia habari ya baridi ya Agosti tukadhani ni maringo ya watu wa bara. Mamangu alilala na buibui juu ya sweta. Lakini kila asubuhi tulitoka mlangoni na steji iko pale, na kila jioni tukashuka na kitanda kiko pale. Ningerudia hapo hapo, safari hii na pamba za masikio.

Jumanne ilikuwa siku ya barabara ya Langata. Matatu za Ongata Rongai, namba 125 na 126, zinapatikana karibu na Railways, yaani kituo cha reli cha mjini. Makanga alimkimbilia mamangu: "Shosh, ingia, finje tu, finje!" Mamangu akasimama katikati ya lami. "Mwanangu, finje ndiyo nini? Na mimi si shosho, mimi ni bibi." Kijana akacheka, akamshika mkono akampandisha kama mamake mzazi. Finje ni sh 50. Soo ni 100. Mbao ni 20. Jifunze hayo matatu kabla hujapanda. Mtoto ukimpakata halipi, akikalia kiti analipa, na swali hilo ulimalize kabla gari halijaondoka.

Mwambie makanga akushushe KWS, makao ya shirika la wanyamapori, kwenye lango kuu la Mbuga ya Nairobi. Uzuri wake ni kwamba ukitoka mjini unashukia upande ule ule wa lango, huvuki barabara. Mbuga yenyewe ya Nairobi, iliyotengwa mwaka 1946, huiingii kwa miguu, lakini pembeni ya lango kuu kuna Nairobi Safari Walk. Hapo unatembea juu ya daraja refu la mbao, wanyama wako chini yako: simba, chui, kifaru mweupe, bongo na kiboko wa aina ile ndogo. Mamangu alitembea yote. Mbao ni tambarare, hakuna ngazi za kuua magoti, akawa anapumzika kila baada ya hatua kadhaa akijifanya anatazama ndege. Mambo mawili ya kujua: malipo ni kwa eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali, pesa taslimu hazipokelewi, kwa hiyo fungua akaunti ukiwa bado nyumbani. Na chupa za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi ndani ya mbuga tangu Juni 2020. Beba maji kwenye chupa ya kudumu. Ile chupa ya chai ya mamangu, niliyoilalamikia toka nyumbani Kisauni, ndiyo iliyotunywesha.

Kutoka hapo unasimama upande ule ule unangoja namba 24 ya kwenda Karen, unashuka Hardy, kisha unatembea au unapanda boda mpaka Giraffe Centre. Tulitembea, na hapo nilikosea. Ni mbali kwa magoti ya mzee. Lakini twiga alipoinamisha shingo akamlamba binti yangu kiganja akichukua chakula, mtoto alicheka kicheko ambacho sijawahi kukisikia. Kazi ya kituo kile ni kulea twiga wa Rothschild, ambao walikuwa wamebaki wachache sana shirika lake lilipoanzishwa mwaka 1979. Mamangu alikataa katakata kulambwa. Alisema ulimi ule ni mrefu kuliko adabu.

Kurudi ndiko kulikotupiga. Mvua ilianza saa kumi, na mvua ikinyesha Nairobi nauli nayo hupanda. Iliyokuwa finje asubuhi ikawa soo. Nikampa makanga noti ya 1,000, akasema, "Tulia mathe, chenji unapata." Nikatulia. Tulipofika mjini alikuwa ameshahamia mlango wa gari la mbele. Gari nalikumbuka kwa rangi zake na muziki wake, jina silitaji, na kosa nusu ni langu. Kuanzia siku hiyo nikawa natembea na noti ndogondogo kama muuza mchicha. Na simu usiichezee dirishani gari likiwa kwenye foleni.

Jumatano tulielekea Museum Hill, yaliko Makumbusho ya Taifa. Unashuka chini ya mlima unapanda kwa miguu, hapo tena nikamsikia mamangu akihesabu hatua. Lakini uani alipomwona ndovu mkubwa wa sanamu akasimama. "Huyu si Ahmed?" Ndiye. Ahmed wa Marsabit, mwenye pembe zilizokaribia kugusa ardhi, ambaye Mzee Kenyatta alimpa ulinzi kwa amri ya rais mwaka 1970, akafa mwaka 1974. Mamangu alikuwa msichana wakati huo, anakumbuka redio ikimtaja kama mtu. Sikujua. Nimekaa na mamangu miaka yote hii na sikujua aliwahi kumjali ndovu. Alikaa kwenye benchi mbele yake karibu nusu saa huku sisi tukizunguka ndani. Mwanangu yeye alinasa kwa Kijana wa Turkana, mifupa iliyogunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984, ya mtoto aliyeishi zaidi ya miaka milioni moja na nusu iliyopita. Aliniuliza kama mamake alimtafuta. Sikuwa na jibu.

Hapo nikavunja sheria yangu mwenyewe. Arboretum haiko mbali na makumbusho, lakini kwa matatu ungelazimika kurudi tao kwanza. Nikaita taksi kwa programu ya simu, mara moja tu safari nzima. Mamangu akakaa mbele, akafunga mkanda, akasikiliza. Baada ya dakika mbili akamwuliza dereva, "Mwanangu, humu mbona kimya? Redio imeharibika?" Arboretum ni msitu mdogo katikati ya jiji, ulianzishwa mwaka 1907 kujaribu miti itakayokua haraka ili reli ipate kuni. Kiingilio ni kidogo, vivuli ni bure. Chungeni nyani wadogo, wanajua sauti ya mfuko ukifunguliwa. Ndizi zetu zilikwenda.

Jioni tulikula karibu na msikiti wa Jamia. Ni katikati ya jiji, kupata chakula cha halali hapo si shida, na mamangu akaswali magharibi kwa utulivu aliosema hajaupata tangu Miritini.

Nikipewa kutoa alama, treni naipa 8 kwa 10, na mbili nilizozuia ni za umbali wa Syokimau. Matatu nazipa 5 kwa usafiri na 9 kwa tamasha. Nauli za matatu kwa siku zote nne hazikufika sh 1,500 kwa sisi wanne, hiyo chenji iliyopotea nimeiweka kando maana inaniuma.

Alhamisi asubuhi, kabla ya treni ya kurudi ya saa tisa, tulikwenda Makumbusho ya Reli, hatua chache kutoka kituoni. Wageni wengi huiruka, na sijui kwa nini, maana watoto wanaruhusiwa kupanda juu ya vichwa vya treni vya zamani na hakuna anayewafokea. Kuna behewa moja pale lenye kisa. Mwaka 1900, afisa wa polisi wa reli aitwaye Charles Ryall alilala ndani ya behewa hilo pale Kima akimvizia simba aliyekuwa akila watu. Akapitiwa na usingizi. Simba akaingia, akamnyakua, akatoka naye dirishani. Mwanangu alisoma maelezo mara mbili, kisha akauliza Kima iko wapi. Nikamwambia ni upande ule ule tuliopita juzi, na leo tutapita tena.

Saa tisa tulipoketi kwenye treni, dadake alishajiandaa kulia. Hakuhitaji. Kaka alikuwa amesimama kwenye ujia, amekishika kiti cha dirishani kwa mikono miwili kama mhudumu wa hoteli.

"Bibi," alimwambia mamangu, "wewe kaa hapa. Kuna upepo mzuri."