Kuzuia Kindi Bustanini na Kwenye Chakula cha Ndege: Kipi Ununue Kwanza

Mtu anayehamia Ohio, Minnesota, Ontario au viunga vya London na kupata nyumba yenye ua wa nyuma hachelewi kufahamiana na kindi wa kijivu. Huyu hafanani na kuchakuro wa mashambani kwetu anayetoweka akisikia kishindo cha hatua. Amezaliwa mjini, amewazoea watu, na anaweza kuning'inia kichwa chini kwenye chombo cha kulishia ndege akibangua mbegu za alizeti huku mwenye nyumba akimgongea kioo cha dirisha. Upande wa pili wa ua, nyanya iliyokuwa ndiyo kwanza inaanza kuwa nyekundu inakutwa chini, imeng'atwa mara moja na kutelekezwa. Maduka ya vifaa vya bustani yamejaa bidhaa zinazodai kumaliza tatizo hili, nazo zinapishana sana kwa bei na zaidi kwa manufaa. Nimezipanga hapa kwa utaratibu ambao ningemshauri ndugu au jirani azinunue, na bei ninazozitaja ni makadirio ya dola za Marekani.

Nitangulize msimamo wangu ili msomaji ajue ninakoelekea: fedha inayowekwa kwenye nguzo na mahali pa kuisimamisha huzuia kindi kuliko fedha inayowekwa kwenye chombo chenyewe. Anayenunua chombo cha dola 90 na kukitundika kwenye tawi la mti bado amempa kindi njia ya kukifikia, ilhali chombo cha dola 15 kilicho juu ya nguzo yenye kinga, mahali pa wazi, kinaweza kukaa mwaka mzima bila kuguswa.

Vipimo vya mnyama mwenyewe

Kindi wa kijivu aliyekomaa ana uzito wa gramu 400 hadi 600 hivi. Huruka wima kutoka ardhini kwa zaidi ya mita 1, huruka kwa kukata hewa kutoka shina hadi shina kwa mita 2 hadi 3, na hujiachia kutoka kwenye paa au tawi la juu zaidi ya hapo bila kuumia. Vifundo vya miguu yake ya nyuma hugeuka kuelekea nyuma, na ndiyo maana hushuka mti kichwa kikitangulia na kula akiwa amening'inia. Meno yake ya mbele hukua maisha yake yote, hivyo plastiki na mbao laini ni vitu vya kutafuna tu kwake. Tena ana kumbukumbu: mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter nchini Uingereza waliripoti kwamba kindi wa kijivu waliweza kutatua fumbo la kupata chakula ambalo hawakuwa wameligusa kwa miezi 22. Kifaa chochote kinachotegemea kumshtua au kumchanganya mnyama wa namna hii kina maisha mafupi.

Nafasi ya kwanza: nguzo ya chuma yenye kinga ya bati

Kinga ninayoizungumzia ni kipande cha bati kinachovalishwa nguzo chini ya chombo cha ndege ili kindi anayepanda asiweze kupita. Zipo za aina mbili. Ya kwanza ni pana kama mwavuli au koni, na haifai kununuliwa ikiwa kipenyo chake hakifiki sentimita 40, kwa kuwa kindi mkubwa hunyoosha mikono akaushika ukingo na kujivuta juu. Ya pili ni mrija wa bati wenye kipenyo cha sentimita 15 hadi 20 na urefu wa sentimita 60 au zaidi, uliozibwa kwa juu na kuachwa wazi kwa chini, na hii ndiyo ningeichagua. Ukimtazama kindi anavyopambana nayo utaelewa sababu: hupanda nguzo kama kawaida, huingia ndani ya mrija akidhani ni tundu la mti, hugonga kichwa kwenye kizibo cha juu, kisha hushuka na kujaribu kwa nje, ambako kucha zake hazipati pa kushika na mrija ni mnene mno kwa kukumbatiwa. Mrija wenye uwezo wa kucheza kidogo kwenye nguzo ni bora kuliko uliokazwa kabisa, kwa sababu hautulii anapouegemea.

Bei ya kinga hizi huwa kati ya dola 20 na 40, na nguzo ya chuma ya kuchomeka ardhini ni kiasi kama hicho. Mwenye mkono wa ufundi anaweza kununua bomba la bati la kutolea moshi wa jiko, kizibo cha bati na vibanio viwili, akatengeneza kinga yake kwa nusu ya bei. Akiweza kutumia bisibisi na mkasi wa bati, hana haja ya kutafuta fundi.

Masharti ya mahali ni magumu kuliko ya ununuzi. Sehemu ya juu ya kinga isiwe chini ya mita 1.5 kutoka ardhini, na nguzo iwe mbali na mti, ua wa mbao, paa, kiti cha bustani au kamba ya nguo kwa mita 3 au zaidi. Usitundike kinga ukasahau kwamba theluji huinua ardhi; theluji ya sentimita 40 iliyoganda humpa kindi ngazi, na kinga iliyofanya kazi mwezi Oktoba hurukwa mwezi Februari. Ikiwa ua wako ni mdogo kiasi kwamba hakuna sehemu iliyo mbali hivyo na mti au uzio, ruka hadi nafasi ya pili bila kupoteza fedha hapa.

Nafasi ya pili: chombo kinachojifunga kwa uzito

Katika chombo hiki, kijiti ambacho ndege husimama, au gamba la nje la chombo chenyewe, hukaa juu ya springi. Ndege mdogo akitua, springi hubaki ilivyo na vitundu vya chakula hubaki wazi. Kindi akitua, uzito wake hushusha gamba na kuvifunika vitundu. Ni kifaa cha akili, na kwa mtu anayeishi ghorofani mwenye roshani tu ndicho kinachofaa kuliko vingine vyote. Bei huanzia dola 35 hivi na kufika 100.

Kabla ya kulipa, hakikisha springi inaweza kurekebishwa, kwa kuwa uzito wa wageni unatofautiana mno. Kadinali mwekundu, ambaye ni ndege wa jimbo la Ohio, ana gramu 45 hivi, na njiwa mwombolezaji hufika gramu 120 au zaidi. Upande wa pili, kindi mwekundu wa Marekani, mdogo kuliko wa kijivu, ana gramu 200 hivi tu, na chombo kilichokazwa kwa ajili ya kindi mkubwa humwachia huyu ale apendavyo. Chagua chenye gamba la chuma, si la plastiki iliyopakwa rangi ya chuma, na kinachofunguka chote kwa ajili ya kuoshwa, maana mbegu zilizolowa huota ukungu ndani ya springi na kifaa huacha kujifunga. Kitundike kwa waya mwembamba ili kisiwe karibu na shina wala ukuta, kwani kindi anayeweza kushikilia kitu kingine kwa miguu ya nyuma na kunyoosha mikono hauweki uzito wake kwenye springi, na hapo ujanja wote wa mtengenezaji umekwisha.

Zipo pia zenye mota inayomzungusha kindi hadi aanguke. Ni ghali, betri huhitaji kuchajiwa, na sioni kwa nini mtu alipe zaidi kwa ajili ya kichekesho.

Nafasi ya tatu: chombo chenye kizimba

Huu ni mrija wa kawaida wa mbegu uliozungushiwa kizimba cha nondo nyembamba, ambacho ndege wadogo hupenya na kindi mkubwa hubaki nje. Bei ni dola 25 hadi 50. Kasoro yake ni kwamba humfungia nje kadinali na kigong'ota mkubwa pia, na kindi mchanga huweza kupenya kama nafasi kati ya nondo inazidi sentimita 4. Pima umbali kutoka kwenye kizimba hadi kwenye mrija wa ndani: ukipungua sentimita 10, mkono wa kindi utafika kwenye mbegu.

Kubadili chakula badala ya chombo

Asiyetaka kununua chombo kipya anaweza kuanza na mfuko wa mbegu. Kindi hupenda alizeti, mahindi na karanga kuliko kitu chochote, na mchanganyiko wa bei nafuu umejaa hivyo hivyo vitu. Mbegu nyeupe za kartamu, mmea wa jamii moja na alizeti, zina uchungu kidogo ambao kindi wengi hawaupendi na kadinali haujali. Mbegu nyembamba nyeusi za naija, zao lenye asili ya Ethiopia, huliwa na ndege wadogo wa njano na hazimvutii sana kindi, ingawa huhitaji chombo chenye vitundu vyembamba.

Mbegu zilizopakwa pilipili ndizo zenye sayansi iliyo wazi zaidi. Ukali wa pilipili hutokana na kapsaisini, na kipokezi cha neva kinachoitambua kwa wanyama wanaonyonyesha hakiitikii hivyo kwa ndege. Kasuku anakula pilipili kichaa bila kuona taabu kwa sababu hiyo hiyo. Ni kanuni inayotumiwa Tanzania na Kenya katika uzio wa pilipili dhidi ya tembo. Nunua mbegu ambazo pilipili yake imeshikishwa kwa mafuta tangu kiwandani, hata kama ni ghali zaidi. Kuchukua pilipili ya unga jikoni na kuichanganya na mbegu kavu ni kishawishi kikubwa kwa sisi tuliokulia na kinu, lakini unga hupeperuka ukaingia machoni mwako, machoni mwa ndege na machoni mwa mtoto anayecheza uani, na mvua moja huumaliza. Kindi mwenye njaa ya majira ya baridi naye anaweza kuvumilia ukali huo, na kwa hiyo mbegu hizi sikuzipa nafasi ya juu.

Kwa mimea: wavu wa chuma kabla ya dawa yoyote

Bustanini mpangilio ni mfupi, kwa kuwa kifaa kimoja kimeviacha vingine mbali. Wavu wa chuma uliotiwa zinki, wenye matundu ya takriban sentimita 1.3, hauwezi kutafunwa na hudumu miaka. Kwa matuta ya mchicha, sukuma wiki na miche ya nyanya, tengeneza fremu ya mbao na uivalishe wavu huo pande zote na juu, ukiacha mlango wa kuvunia. Kwa vitunguu vya maua kama tulipu vinavyopandwa majira ya kupukutika, laza waya wa kuku wenye matundu ya sentimita 2.5 juu ya udongo uliokwisha kufukiwa, ubane kingo kwa mawe au vigingi, nayo machipukizi yatapenya yenyewe ifikapo Machi au Aprili. Anayetaka maua bila kazi hiyo apande narisisi, ambayo ina sumu na kindi haigusi. Epuka nyavu za plastiki: kindi huzitafuna kwa dakika chache, na ndege na nyoka wasio na hatia hunaswa humo.

Nafasi ya pili kwa mimea naipa kinyunyizio cha maji chenye kihisi mwendo, cha dola 40 hadi 80, kinachorusha maji mnyama anapokatiza mbele yake. Hufanya kazi vizuri wiki za mwanzo na hudhoofika kindi akizoea, hivyo kihamishwe mara kwa mara na kiwashwe wakati matunda yanapokaribia kuiva tu. Huhitaji mpira wa maji wenye presha muda wote na lazima kiondolewe kabla ya baridi ya kugandisha. Dawa za kunyunyiza zenye pilipili au harufu kali zina nafasi ya tatu, kwa sababu kila mvua inapopita unarudia kazi, na kwenye mboga unazokula mwenyewe utalazimika kuziosha kwa uangalifu.

Vya kuacha dukani

Vifaa vya sauti isiyosikika na binadamu viache. Mwaka 2001 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliwaandikia watengenezaji na wauzaji zaidi ya 60 wa vifaa hivyo, ikiwaonya kwamba madai yao lazima yawe na ushahidi wa kisayansi. Bundi wa plastiki humtisha kindi kwa siku chache, kisha huwa kiti chake. Grisi au mafuta ya kupaka kwenye nguzo ni hatari hasa kwa ndege unaotaka kuwasaidia, kwa kuwa yakishika manyoya hayatoki, na ndege asiye na manyoya makavu hufa kwa baridi. Naftalini za kabatini zisitupwe bustanini. Ni sumu kwa watoto na wanyama, na nchini Marekani kuzitumia kinyume cha maelezo ya lebo ni kosa la kisheria.

Mtego wa kumnasa kindi akiwa hai huonekana kuwa suluhisho la upole, na huuzwa kwa dola 30 tu, lakini usiununue kabla ya kuuliza mamlaka ya wanyamapori ya mahali unapoishi. Katika majimbo mengi ya Marekani hairuhusiwi kumhamishia mnyama huyo kwenye bustani ya umma au msitu wa jirani. Nchini Uingereza, ambako kindi wa kijivu waliletwa kutoka Marekani katika karne ya 19 na kuwasukuma kindi wekundu wa asili hadi maeneo machache, ni marufuku kumwachia huru ukishamnasa. Mwenye mtego hujikuta na mnyama ndani ya kizimba na njia moja tu ya kisheria ya kuachana naye, ambayo wengi hawana moyo wa kuifuata.