Funza wa BSF (nzi askari mweusi) au maganda ya kamba wa baharini: umpe kuku kipi?

Hii debeti haiishi. Kwa gharama, funza wanashinda kama una mabaki ya jikoni au sokoni bure, ila ukishalipia chakula chao hesabu inageuka. Maganda na vichwa vya kamba ni rahisi ukiwa karibu na wanaosafisha kamba, mbali na hapo usafiri unakula faida yote.

Protini sasa, hapa watu wanadanganyika. Funza wakavu wana kama asilimia 40 hivi, na mafuta mengi juu, kwa hiyo unga wao unachacha haraka usipokamuliwa. Maganda nayo kwenye kipimo, ambacho kinahesabu naitrojeni, yanaonekana yana protini kibao, lakini sehemu ya hiyo naitrojeni ni ya kaitini, ile kitu ngumu ya ganda, kuku hafaidi sana. Yanachobeba kweli ni chokaa na ile rangi, kiini cha yai kinatoka chungwa kabisa, nzuri mno. Angalia chumvi tu, ikizidi kuku wanakunywa maji ovyo na matandazo yanalowa.

Usumbufu? Funza wanataka uangalizi kila siku, maganda yanataka kuanikwa haraka kabla hayajanuka.

Leya (kuku wa mayai) na mteja anayependa kiini chekundu, weka maganda kidogo. Vifaranga wanaokua, mimi ningeenda na funza.