Programu za kupakua bure: ya kuchukua kwanza na ya kuacha kabisa

Kwenye tovuti za kupakua, karibu kila programu imeandikwa "Free Download". Hapo umeahidiwa tu kwamba kulipakua faili hakuna malipo. Masharti ya kuitumia yako kwenye leseni. Nimezipanga kwa kipimo kimoja: mwezi ukiisha, kazi yako bado utaweza kuifungua na kuiendeleza?

Namba moja, bila ubishi, ni programu huria (open source), yaani zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu. LibreOffice kwa barua na mahesabu, GIMP kwa picha, VLC kwa video, 7-Zip kwa mafaili yaliyobanwa. Hazina tarehe ya kuisha, na leseni zake zinakuruhusu kuzitumia nyumbani, shuleni, hata kwenye steshenari inayochapa barua za wateja kutwa nzima. Kasoro ipo: hati ya Word yenye majedwali mengi inaweza kuvurugika ukiifungua kwa LibreOffice, hivyo CV itume ikiwa PDF.

Ila zichukue kwenye tovuti za watengenezaji wenyewe. Mwaka 2015, GIMP ya Windows iliyokuwa SourceForge, tovuti ya kupakulia programu, ilikutwa imefungwa ndani ya kisakinishi kinachokuletea programu za watu wengine, ilhali watengenezaji wake walishahama huko tangu 2013. Wamiliki wapya wa SourceForge walikomesha mtindo huo mwaka 2016, lakini mtego wenyewe haujafa. Kwenye tovuti nyingi kitufe kikubwa cha kijani ni tangazo, na kiungo halisi ni maandishi madogo chini yake. Ukianza kusakinisha, unakuta visanduku vimeshatiwa tiki: kivinjari kipya, "kisafishaji" cha kompyuta, antivairasi usiyoijua. Chagua "Custom", toa tiki moja moja, ndipo uendelee. Wanaobonyeza "Next" mfululizo ndio wanaolalamika kesho yake kwamba kompyuta imekuwa nzito.

Namba mbili ni zile za bure kwa matumizi binafsi. IrfanView ya kutazama picha haina malipo nyumbani, ila ofisini unatakiwa kununua leseni. TeamViewer, ya kuendesha kompyuta ya mtu ukiwa mbali, ni hivyo hivyo, na ikihisi unaitumia kibiashara huanza kukukatia mawasiliano, pengine katikati ya kumhudumia mteja.

Namba tatu, majaribio yasiyodai kadi. WinRAR inakupa siku 40. Zikipita inaendelea kufungua mafaili huku ikikukumbusha kulipa, na kwa leseni yake unapaswa kulipa kweli. Ninayoipenda zaidi hapa ni REAPER ya kurekodi muziki: siku 60 bila kufungiwa chochote, kisha dola 60 kwa mtu binafsi au biashara ndogo. Mwenye studio changa akiniuliza anunue nini, namtajia hiyo.

Namba nne, majaribio yanayotaka kadi kwanza. Microsoft 365 ni mwezi mmoja, Adobe siku 7. Usipoghairi, pesa inakatwa. Na kuifuta programu kwenye kompyuta si kughairi. Lazima uingie kwenye akaunti yako usitishe malipo. Weka kengele kwenye simu siku mbili kabla.

Namba tano ni zinazofanya nusu ya kazi. Programu ya kurejesha mafaili inakuonyesha picha za harusi zilizofutika, ukitaka kuzihifadhi inadai malipo. Ya kuhariri video inagonga nembo yake juu ya kazi yako. Kabla ya kupakua, fungua ukurasa wa bei usome safu ya toleo la bure. Mara nyingi vikwazo huwa vimeandikwa pale.

Zilizokrakiwa, yaani za kulipia zilizovunjwa kufuli ya leseni, sizipi namba. Nyingi huja na maelekezo kwamba uzime antivairasi kwanza, na aliyeyaandika ni mtu usiyemjua, anayetaka kuendesha faili lake ndani ya kompyuta yenye nywila zako za benki. Kama Office ya kulipia inakushinda bei, rudi namba moja.