Hiace za Moshono, Arusha: asubuhi zinafika, jioni zinakatisha ruti

Kwa miaka mitatu sasa nimepanda Hiace za Moshono kila siku ya kazi, asubuhi kwenda mjini kupitia Kijenge na jioni kurudi nyumbani, na naandika kwa ajili ya wanaohamia upande huu wa Arusha, kwa kuwa huduma ya asubuhi na ile ya jioni hazifanani hata kidogo.

Asubuhi sina lalamiko. Ukifika kituoni saa kumi na mbili na nusu husubiri zaidi ya dakika kumi, chenji inarudi kabla ya Kijenge, na akipanda mzee, konda mwenyewe humwomba kijana ampishe. Magari yamechakaa, ni kweli. Mlango wa moja ninalolipanda mara nyingi hufungwa kwa kipande cha mpira wa tairi, ambacho konda hukivuta kwa mkono wa kushoto huku noti zikiwa zimekunjwa katikati ya vidole vya mkono wa kulia. Lakini gari linafika, na abiria wa asubuhi hahitaji zaidi ya hapo.

Shida ni jioni. Ubavuni gari limeandikwa Moshono, mpiga debe anaita Moshono, unalipa nauli ya Moshono, kisha mkifika Kijenge unaambiwa, "Mama, shukeni hapa, gari linageuza." Tangu nauli ya safari isiyozidi kilomita 10 ilipopanda kutoka shilingi 500 hadi 600 mwezi Desemba 2023, kugeuziwa njiani kunamaanisha kulipa 1,200 kwa safari moja, na wakati wa masika kunamaanisha pia kusimama kwenye tope gizani na mtoto mgongoni, kama nilivyomwona dada mmoja wiki iliyopita.

Nasema kwa uchungu kwa sababu nimewahi kuiona kazi hii ikifanywa vizuri mahali palipokuwa na kila kisingizio cha kuifanya vibaya. Tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa 5.9 lilipoipiga Kagera alasiri ya Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2016, na kuua watu 17, mimi nilikuwa naishi Kemondo na kufanya kazi Bukoba mjini. Kwa wiki kadhaa safari yetu ya kila siku ilipita kwenye nyumba zilizopasuka pembe, kuta za tofali zilizolalia migomba, na familia zilizolala nje chini ya maturubai kwa kuogopa mitetemo iliyofuata. Shule za sekondari Ihungo na Nyakato zilifungwa kwa jinsi majengo yalivyoharibika, na siku wanafunzi waliporudishwa makwao, stendi ilijaa matranka na magodoro. Konda wetu, ambaye jiko la kwao lilikuwa limeanguka, alisimama mlangoni akamwambia kila mmoja kabla hajakaa: leo tutachelewa, tutapakia mizigo ya watoto kwanza, asiyeweza kusubiri apande la nyuma. Tulichelewa kweli, lakini tulifika Kemondo, na kwa muda wote ule hakuna jioni hata moja tuliyoshushwa njiani.

Hicho ndicho ninachokidai kwa Hiace za Moshono. Foleni ya jioni naielewa, na bei ya mafuta naielewa. Kama gari haliwezi kufika mwisho, konda aseme pale mjini kabla hajapokea nauli, nami nitaamua mwenyewe kama nipande au nisubiri. Wapo wanaofanya hivyo, na kwa kawaida ni walewale ambao pia wanakubali level siti bila kumkunja mtu wa nne kwenye kiti cha watatu.

Kwa mgeni, ushauri wangu ni huu: asubuhi panda gari lolote. Jioni usitosheke na maandishi ya ubavuni, muulize konda mbele ya abiria wengine, "Mnafika mwisho?", na usikie akijibu kwa sauti. Mimi nauli yangu ya jioni siku hizi naitoa tukishaivuka Kijenge.